Kiingilio Tofali Moja

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mjukuu wake pale Sumbawanga, Fridolini alinishika mkono akanivuta hadi meza ya vijana. "Mnamwona huyu?" akawaambia. "Huyu ndiye aliyefanya Milanzi nzima iibiane matofali kwa ajili ya muziki." Vijana wakacheka kwa adabu, kama wanavyocheka watoto wa watu utani wa wazee wasiouelewa. Mimi nikaanza kueleza kwamba wazo halikuwa langu, kwamba mimi niliandika matangazo tu, na kwamba tangazo lenyewe, kama mtu angelisoma kwa makini, lilisema wazi kuwa… Fridolini akanikatiza. "Bado tu? Mvi zote hizi na bado unajitetea? Kaa ule, bwana." Nikakaa, lakini kwanza nikaijaribu miguu ya kiti. Ndivyo nilivyo. Nimeishi maisha marefu na yenye baraka huku nikiwaza mambo ambayo kwa sehemu kubwa hayakutokea. Lakini nilipokuwa natafuna pilau ile niliona kwamba katika miaka yangu yote ni mwaka ule mmoja tu wa matofali ninaoweza kuukumbuka chumba kwa chumba na sahani kwa sahani, na kwamba hata hofu zake, nikizitazama kutoka huku niliko, zinanipa raha.

Nilimaliza chuo kikuu wakati serikali imeacha kuajiri. Waliotutangulia walikuwa wakipangiwa vituo hata kabla hawajarudisha magodoro ya bweni. Sisi tuliambiwa tusubiri, kisha tukaambiwa uchumi umekuwa huria na kila mtu ajitafutie. Wenzangu walijitafutia. Mmoja aliuza mitumba, mwingine alipakia mahindi kwenye malori kwenda mpakani, mwingine alifungua duka la kaseti. Mimi nilikaa nikiwaza lipi kati ya hayo lingeniharibia maisha zaidi. Mwishowe nilipanda basi hadi Sumbawanga kwa sababu Mwalimu Theopista, mkuu wa sekondari mpya iliyoanzishwa na wazazi wenyewe, alikuwa tayari kumpokea yeyote anayejua hesabu bila kumuuliza mipango yake ya baadaye. Malipo yalikuwa mahindi na maharage kila wazazi walipovuna, na chumba cha kulala. Nilikubali, halafu njia nzima kutoka Tunduma, vumbi likiingia madirishani, nikajiuliza kama nimekubali haraka mno.

Chumba kilikuwa mtaa wa Milanzi, kwa Mzee Apolinari. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha la ubao ambalo upepo wa Ufipa ulilipuuza kabisa. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na shuka moja jembamba; usiku wa kwanza nililala na soksi, koti na taulo, na asubuhi Mama Gaudensia, mke wa mwenye nyumba, alinitazama akacheka, akaniletea blanketi zito lililonuka moshi. Nilipofungua dirisha niliona lundo la matofali ya kuchoma, limepangwa safi kama ukuta, limefunikwa kwa nyasi juu. Nilidhani ujenzi unaanza wiki ile. Baadaye nikagundua kwamba karibu kila nyumba ya Milanzi ilikuwa na lundo la namna ile. Mtu alifyatua matofali yake baada ya mavuno, akayachoma, akayapanga kando ya nyumba, akayaacha yasubiri mabati, fundi, mwana atakayeoa. Lundo lililonyooka lilikuwa heshima ya mwenyewe. Watu waliokwenda kusalimiana walilitazama kwanza kabla ya kubisha hodi. La Mzee Apolinari lilikuwa la kumjengea Dismas, kijana wao aliyekwenda Tunduma kufanya biashara, na lilikuwa limekaa hadi mimea imeota katikati yake.

Chumba changu kilipakana na jiko, na ukuta ulikuwa mwembamba. Nilikula maneno ya nyumba ile kabla sijala chakula chake. Mama Gaudensia alisonga ugali wa ulezi, mweusi na mzito, akaupakua pamoja na maharage au dagaa wa Kabwe, kule ziwani, waliokaangwa kwa nyanya, na wakati wote huo aliongea. Kifipa changu kilikuwa cha kuokoteza lakini kilitosha kuelewa habari za lundo. "Dismas harudi kuishi hapa," alimwambia mumewe. "Tunawajengea panya." Mzee alijibu kwamba tofali halioti kutu. "Halioti kutu lakini linaota nyoka," mama akasema, kisha akaniita kwa Kiswahili, kwa sauti ileile, "Mwalimu! Njoo ule, ugali unapoa na wewe unawaza tu huko." Alijuaje kuwa nawaza? Nililiwaza hilo pia.

Katika chumba cha nyuma uani walikaa wasichana watatu wanafunzi wangu. Wengi wa wasichana wetu walitoka mbali na walipanga vyumba mitaani, kwa sababu shule haikuwa na bweni. Mmoja wa hao watatu aliitwa Oresta, wa kidato cha pili, mtoto wa Ilemba kule bondeni, mwenye tabia ya kunisahihisha ubaoni kabla sijafika mwisho wa mstari. Baba yake, Mzee Vitalis, alipanda siku moja na lori la mpunga kuja kuona binti yake anaishije. Alitazama chumba, akatazama mlango, akakaa kwenye kigoda uani. Nikaenda kumsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Wewe ndiye wa hesabu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nisaidie hesabu hii. Mlango wa binti yangu unafungwa kwa kamba. Nyuma ya uzio kuna kilabu cha pombe. Mimi niko Ilemba. Nilale usingizi?"

Niligeuka nikautazama mlango wenyewe. Oresta alikuwa ndani akichagua maharage, na nilisikia maharage yameacha kuanguka kwenye ungo.

"Sikatai shule," Mzee Vitalis akaendelea. "Shule yenu ikifungua muhula ujao nitapanda tena. Nikikuta kuta za bweni, abaki. Nisipozikuta, nitashuka naye. Kazi ya shamba ipo."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na halikuwa la Oresta peke yake. Wazazi wengine wa bondeni walikuwa wakisubiri kuona Mzee Vitalis atafanya nini. Mabati tulikuwa na ahadi yake: wafanyabiashara wa mahindi, wale wapya waliokuja na malori yao baada ya chama cha ushirika kulegea, walisema wataezeka kama sisi tutafikisha kuta kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Msingi ulikuwepo. Matofali hayakuwepo. Mvua zilikuwa zimeisha lakini hakuna mzazi aliyekuwa na nafasi ya kuchoma tanuru jipya katikati ya mavuno.

Tulikutana katika ofisi ya walimu, ambayo pia ilikuwa stoo ya majembe. Fridolini alikuwepo kwa sababu alikuwepo kila mahali palipokuwa na chai. Wakati huo alikuwa kijana mrefu, mpiga gitaa wa bendi ya ushirika. Chama kilipolegea, bendi iliachwa ghalani pamoja na mizani na magunia matupu, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Fridolini kwamba kazi imekwisha, kwa hiyo aliendelea kufuta vumbi kwenye magitaa kila asubuhi.

"Mimi sina tofali, Mwalimu," alimwambia Theopista. "Nina magitaa na jenereta."

Mwalimu Theopista aliweka kikombe chini. Alikuwa mama mfupi asiyepandisha sauti. "Basi watu walipe tofali waje wasikilize gitaa," akasema. "Kila nyumba ina lundo. Tofali moja moja halimuumizi mtu."

Kila mtu aliona ni jambo zuri. Mimi pia niliona ni zuri, na jambo likiwa zuri hivyo huanza kunitia wasiwasi. Tufanyie wapi? Ukumbi wa mji sasa ulikodishwa, na bei yake ilitutoa nje kabla hatujaingia. Uwanja wa kanisa ulikataliwa kwa upole. Muziki wa dansi mbele ya sanamu ya Mama Maria haukuonekana sawa. Uwanja wa mpira ulikuwa na mechi. Aliyetuokoa ni Masanja, mfugaji aliyetoka Usukuma miaka ya nyuma na ng'ombe wake, ambaye sasa alisimamia mnada wa mifugo nje ya mji na alikuwa na mtoto wa kike kwetu kidato cha kwanza. "Njooni mnadani," alisema. "Jumapili hakuna mnada. Uzio upo, mlango ni mmoja, na jukwaa mnalo." Jukwaa alilosema ni lile tuta la mawe na magogo la kupandishia ng'ombe kwenye malori. Fridolini alikwenda kulikagua, akaruka juu yake mara kadhaa, akatangaza kwamba kama linabeba fahali wa Kisukuma litambeba yeye na mpiga besi.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya ninachokijua. Niliwaza mvua ya ghafla. Niliwaza dizeli ya jenereta. Niliwaza kibali cha kata, nikaenda kukiomba, nikarudi kuuliza kama kibali kinahusu pia kelele. Niliwaza ng'ombe watakaopotea njia waje kwa mazoea, watoto watakaopanda uzio, walevi, upepo kupeperusha matangazo niliyoandika kwa mkono: TAMASHA LA MUZIKI. UWANJA WA MNADA. KIINGILIO TOFALI MOJA LA KUCHOMA. Niliandika "la kuchoma" kwa herufi kubwa zaidi nikihofia watu wataleta mabichi. Oresta alinisaidia kubandika na njia nzima alikuwa ananitania. "Mwalimu, na mtu akileta nusu tofali, asikilize nusu wimbo?" Nikasimama kabisa barabarani kulifikiria hilo. Hatari zote nilizipitia isipokuwa moja, na hiyo moja mtu mwingine yeyote wa Milanzi angeweza kuniambia kama ningeuliza.

Jumapili ilipofika, kulikuwa na jua jeupe na upepo uleule wa siku zote. Baada ya ibada watu walianza kuja, na picha ile sijawahi kuona tena mahali popote. Wanawake wenye nguo za kanisani na tofali kichwani. Vijana watatu baiskeli moja, matofali kwenye karia. Karani mmoja wa mkoani, mtu wa Mbeya, alikuja na mke wake wamefunga tofali kwenye kanga safi kama mtoto mchanga. Bibi mmoja alilibeba mgongoni. Masanja alisimama mlangoni na fimbo yake. Kila tofali aliligonga kwanza asikie linalia vipi. Likilia kama chungu, unaingia. Likitoa sauti ya ubao, "Bichi hili! Mrudishie mama yako alimalizie jikoni!" na foleni nzima inacheka.

"Mambo, mzee!" kijana mmoja alimwambia. "Haya mawili, moja langu na moja la demu wangu."

"Demu yuko wapi?"

"Anakuja."

"Akija atakuja na lake. Pita."

Rundo lilikua kando ya mlango hadi likanifika kifuani, likaendelea. Mwalimu Theopista alikuwa akilitazama kwa kuibia, kama mtu anayeogopa kulitia kijicho. Fridolini alipanda tuta na wenzake, jenereta likakohoa, likakubali, na gitaa la solo likatoka kwenye spika zile kuukuu za ushirika likiwa na mkwaruzo kidogo, halafu likasafika. Nilikuwa nimesimama pembeni na kipaza sauti mkononi maana nilikuwa mtangazaji, nikirudia moyoni sentensi ambazo sikuzihitaji, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Watu walikuwa wanacheza. Vumbi la samadi kavu lilipanda hadi magotini, na wafugaji wa Masanja waliingia na hatua zao za kwao, mabega yakitetemeka, wakichanganya na dansi la mjini bila kugombana nalo. Mke wa karani alivua viatu. Nakumbuka nikifikiri, kwa muda mfupi kabisa, kwamba hakuna kilichobaki cha kuogopa.

Ndipo nilipomwona Mzee Apolinari amesimama kando ya rundo. Alikuwa ameingia na mkewe muda huohuo, na wakati mama amekwenda kusalimiana, yeye alikuwa ameinama akigeuza tofali moja, la pili, la tatu. Kule Milanzi kila mfyatuaji alichora alama yake ndani ya kibao cha kufyatulia, na alama hiyo ikabaki kwenye kila tofali: msalaba, mwezi, herufi. Ya Mzee Apolinari ilikuwa herufi A yenye mguu mrefu. Nilimwona ananyanyua tofali juu kama anayetaka kulitupa.

"Hili langu!" alisema. "Na hili! Na hili! Nani ameingia hapa kwa matofali yangu?"

Jirani yetu, Mzee Kalisti, alisogea kuangalia, na badala ya kumtuliza akainama mwenyewe. "Eh! Na huu mwezi si wangu?" Wakaja wengine. Mtu akaona nyota yake, mwingine akaona jina la ukoo wake. Waliokuwa nyuma walisikia kuna kugawana matofali wakaja mbio ili wasikose. Fridolini alibana nyuzi kwa kiganja, muziki ukakatika, na katika ukimya ule nilisikia tofali la kwanza likichomolewa kwenye rundo, kisha jingine. Vijana wawili walikuwa tayari wanapakia kwenye baiskeli.  Mwalimu Theopista alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. Nilikileta mdomoni. Sentensi zangu zote nilizoandaa zilihusu mvua.

"Ni mimi, babu," sauti ikasema. Oresta alikuwa amesimama mbele ya mwenye nyumba wake, mikono nyuma, kama darasani. "Nimechukua kwako. Sisi wa bondeni hatuna malundo huku, na wenzangu walitaka kuingia. Nikasema si ya bweni letu wenyewe?"

"Unakaa kwangu," Mzee Apolinari alisema polepole, "unalala kwangu, halafu unabomoa lundo langu?"

"Nilichukua ya nyuma, babu. Mbele limebaki limenyooka."

Kuna aliyecheka, akajizuia. Mzee hakucheka. Niliona mdomo wake unatafuta neno, na nikajua neno hilo ni la kumtoa binti yule kwenye chumba chake, na kwamba akishalisema mbele ya watu wote hataweza kulirudisha. Hapo Mama Gaudensia akafika, akipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Baba Dismas," alisema, kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, "na wewe tofali uliloingia nalo umelitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mzee akaligeuza tofali mkononi.

"Nilikuwa dirishani," mama akaendelea. "Nilikuona ukipeleka mkono juu ya uzio wa Kalisti. Nikasema moyoni, mwanamume huyu lundo lake hataki kuligusa, lisije likapinda."

Mzee Kalisti alinyooka. Alimtazama Apolinari, akatazama tofali lililokuwa mkononi mwake mwenyewe, na nadhani angeanza kufoka kama mke wake mwenyewe, aliyekuwa nyuma yake, asingepiga makofi kwa mshangao. "Na wewe je? Si ulikwenda kwa fundi Polikarpi asubuhi na mapema ukarudi na kitu chini ya koti?" Mahali fulani katikati ya watu, fundi Polikarpi akasema, "Kumbe!" kisha akakaa kimya ghafla, kwa kuwa mtu mmoja nyuma yake alianza kumtaja yeye. Ilichukua muda mfupi tu kwa uwanja mzima kuelewa. Hakuna aliyekuwa amebomoa lundo lake. Kila mtu alikuwa amekwenda kwa jirani, akachomoa moja la nyuma, akaja kusikiliza muziki.

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Kilipowafikia wafugaji, Masanja akagonga fimbo mlangoni akasema, "Mimi niliyagonga yote. Hayakuwa na wizi, yalikuwa na sauti nzuri tu." Mzee Apolinari alilitazama tofali lake lenye A, akapangusa vumbi kwenye ule mguu mrefu. Halafu akalirudisha kwenye rundo. Akaliweka sawa, akasukuma pembe yake kwa kidole hadi ikalingana na mwenzake. "Wanapangaje hivi?" alisema kwa uchungu. "Hili rundo mtoto mdogo ataliangusha." Akavua koti, akaanza kulipanga upya. Kalisti akaingia upande wa pili. Wale vijana wakashusha matofali kwenye baiskeli wakiangalia pembeni. Fridolini hakusubiri nitangaze kitu. Alipiga, na hao wazee wakapanga matofali ya bweni kwa mwendo wa besi hadi jua lilipoanza kuteremka.

Kesho yake waliokuja kwenye msingi walikuwa wengi kuliko tuliowaita. Wengi hawakuwa na mtoto pale shuleni. Walikuja kuhakikisha matofali yao hayawekwi ovyo. Fundi Polikarpi alipata tabu, maana kila mtu alitaka alama yake ikae upande wa nje, na Mzee Apolinari alibishana naye asubuhi nzima kuhusu tofali moja la kona. Mwalimu Theopista aliwapikia uji wa ulezi kwa sufuria kubwa la shule. Siku zilivyopita watu waliongeza, sasa wakitoa kwenye malundo yao wenyewe, kwa sababu mtu ambaye alama yake ilionekana mara moja tu ukutani alianza kuona haya mbele ya mwenye nyingi. Mimi nilibeba maji, nikikadiria kila jioni kama tutafika lenta kabla ya muhula, na kila jioni Oresta alikuwa ameshakadiria kabla yangu.

Mzee Vitalis alipanda siku ya kufungua shule. Hakusalimia mtu kwanza. Alizunguka bweni lote kwa nje, mkono ukipita ukutani, akasimama penye mlango ambao ulikuwa bado tundu. Kuta zilikuwa zimefika lenta na mafundi walikuwa wanapandisha mbao za kwanza. Oresta alikuwa kando ya mfuko wake wa nguo. Hakuwa ameufungua wala kuufunga. Mimi nilikuwa na maelezo tayari, mengi, kuhusu mabati na tarehe na ahadi za wafanyabiashara.

"Mwalimu," Mzee Vitalis akasema kabla sijaanza, "mlango utakuwa wa mbao gani?"

"Mninga, baba," Mzee Apolinari akajibu kutoka juu ya jukwaa la fundi. "Na kitasa. Nimeshakinunua."

Baba yake Oresta alikubali kwa kichwa. Akauinua ule mfuko wa nguo, akavuka nao kizingiti, akauweka kwenye kona iliyo mbali na upepo. Kisha alimwambia binti yake asichelewe darasani, na akatembea hadi barabarani kusubiri lori la kushuka bondeni, akiwa peke yake.